Amplifaya ya Baba

Amplifaya ya jirani ilikufa saa tatu usiku, katikati ya sendofu ya dada yangu. Haikulipuka. Ilinyamaza tu, kisha ikatoa ile harufu ambayo kila aliyewahi kuchezea umeme anaijua, na watu wa meza ya mbele wakaanza kuangaliana wakidhani ni pilau.

Kosa lilikuwa langu. Palikuwa na spika mbili za Baba na nyingine mbili za kukodi, na mimi, msomi wa familia, nikazifunga zote kwenye amplifaya moja, mbilimbili. Kila spika ilikuwa na ukinzani wa omu 4. Ukifunga mbili sambamba, amplifaya haioni tena omu 4, inaona omu 2. Ukinzani ukipungua, umeme unaopita unaongezeka, na nyuma ya ile amplifaya palikuwa pameandikwa waziwazi kwamba isipewe chini ya omu 4. Ni kama kumbebesha mpagazi mmoja mizigo ya wawili. Ataondoka nayo, atatembea, utadhani mambo ni safi, mpaka atakapokaa chini na kukataa kuinuka.

Dada aliingia ukumbini kwa vigelegele vya mama wadogo na ndoo mbili za plastiki zilizogeuzwa ngoma. Kusema kweli ilipendeza kuliko wimbo uliokuwa umepangwa. Lakini Baba alimlipa jirani amplifaya yake, fedha ya milango miwili, na kesho yake akiwa anakunywa chai akaniambia, "Mama, ukirudi Dar ututafutie amplifaya yetu wenyewe. Inayoendana na spika hizi."

Mama ni mimi. Nimechukua jina la mama yake, kwa hiyo ameniita hivyo tangu nikiwa natambaa.

Spika zenyewe tulizitengeneza pamoja, yeye na mimi, likizo ya mwaka wa mwisho wa shahada yangu ya kwanza. Baba ni seremala, Isevya, Tabora, na karakana yake iko uani kwetu. Mafundi wote niliowasikiliza mtandaoni walishauri maboksi ya spika yajengwe kwa MDF, kwa sababu haina nyuzi, haipindi na haina mlio wake yenyewe. Nikamletea Baba kipande. Alikikwaruza kwa ukucha, akauliza, "Hii ni mbao, au ni vumbi langu limerudi na gundi?" Akaenda kutoa mninga. Nilibisha kwa nadharia, yeye akanishinda kwa miaka yake thelathini ya kazi. Mninga ni kati ya mbao zilizotulia kuliko nyingi, hauvimbi sana masika wala hausinyai sana kiangazi, na mlango wa mninga uliofungwa vizuri hufunga hivyohivyo mwaka mzima. Basi tukajenga kwa mninga. Pembe aliziunganisha kwa meno, bila msumari hata mmoja.

Ndani ya kila boksi kuna spika ya inchi sita na nusu iliyotoka kwenye Hiace ya rafiki yake, gari ambalo lilikuwa limeshakuwa banda la kuku. Juu yake kuna twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, niliyoinunua mpya kwa fedha ya bumu. Mbele ya twita niliweka kapasita moja ya maikrofaradi 4.7. Kazi ya kapasita hiyo ni ya bawabu: inazuia sauti nzito zisiiunguze twita na kuziruhusu zile zinazotetema kuanzia kama mara 4,000 kwa sekunde kwenda juu. Naomba uikumbuke namba hiyo.

Kwa hiyo niliporudi Dar nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni tasnifu yangu ya uzamili, ambayo ni ya historia na inahusu mizigo ya misafara: Wanyamwezi walibeba nini, kilo ngapi, kwa ujira gani. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi bara walibeba nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoviringishwa, ambazo zikifika Unyamwezi ziligeuzwa bangili. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30, mbali na mkeka wake, sufuria na chakula chake. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambako leo ni Tabora, mwezi Novemba. Wiki nzima nilikuwa naandika kuhusu watu waliopeleka waya kwetu kwa mabega, na Jumamosi nilikwenda Kariakoo kutafuta waya wa kupeleka kwetu. Hata jina la Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Msimamizi wangu aliniambia nisiweke hilo kwenye tasnifu, kwa hiyo naliweka hapa.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Dukani nilioneshwa kwanza amplifaya mpya, zenye taa za bluu zinazocheza na mdundo, na kwenye boksi maandishi makubwa: wati 12,000 PMPO. Nikaigeuza. Nyuma, karibu na waya wa umeme, pameandikwa inatumia wati 60. Zinaingia 60, zinatoka 12,000. Huo si umeme, ni mahubiri. Ukitaka kujua wati za kweli tafuta zilizoandikwa RMS, na kama hazipo, angalia inakula kiasi gani ukutani. Haiwezi kutoa zaidi ya inachokula.

Kisha nikaoneshwa mtumba wa Kijapani. Hapo moyo ulinienda mbio. Uso wa fedha, vitufe vizito vinavyozunguka kama vimepakwa siagi, kilo kama tisa, nyingi kati ya hizo zikiwa za transfoma. Lakini nyuma paliandikwa volti 100, kwa sababu umeme wa majumbani Japani ndivyo ulivyo, na wetu ni 230. Bila transfoma ya kushushia, ingeishi sekunde chache. Na chini ya hapo, kwenye matundu ya spika: omu 8 hadi 16. Spika za gari kwa kawaida ni omu 4. Nilikuwa nimezipima zetu kwa mita kabla ya kuondoka nyumbani, zikasoma 3.4, na hivyo ndivyo spika ya omu 4 inavyosoma ikiwa imetulia. Nilikuwa nimeshaua amplifaya moja kwa hesabu hiyo. Nikaagana na ule uso wa fedha.

Nilichonunua mwishoni ni kibao cha kijani kinachoenea kwenye kiganja, chenye chipu iitwayo TPA3116 na bati dogo la kupozea mgongoni. Kilinigharimu chini ya nauli yangu ya kwenda nyumbani. Kinafanya kazi vizuri kwa volti 12 hadi 24, kinalisha omu 4 bila kunung'unika, na kwa sababu hakipotezi umeme mwingi kwenye joto, kinaweza kuendeshwa na betri ya sola siku umeme ukikatika, na kwetu siku hizo si chache. Kwa volti 12 hupata kama wati 15 kila upande kabla sauti haijaanza kukwaruza. Wanaozoea maandishi ya maboksi watacheka. Lakini spika kama zetu wati moja tu huzifikisha karibu desibeli 88 ukikaa umbali wa mita moja, na wati 10 zinakupeleka kwenye 98. Hiyo ni sawasawa na kukaa karibu na mashine ya kupasulia mbao. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari langu kama mfano wa kuchekesha.

Kibao hakikuwa na kitufe cha besi wala cha trebo. Kitufe kimoja tu, cha kuongeza sauti. Niliona hiyo ndiyo heshima yake. Kati ya watu wanaochukulia jambo hili kwa uzito kuna imani, karibu dini, kwamba amplifaya bora ni ile isiyoongeza kitu wala kupunguza kitu: alichokipiga mpiga gitaa ndicho kikufikie. Niliiamini dini hiyo kwa bidii ya mtu aliyesilimu juzi.

Mwezi Oktoba nilipanda treni ya reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara na kuwaondolea wapagazi kazi. Kibao nilikifunga kwenye kanga ndani ya begi. Baba alikuwa ameshaandaa kisanduku cha mninga cha kukitia, uso laini kabisa, tundu moja la kitufe. Tulifunga nyaya mchana, jioni tukawasha. Nilimwekea Tabora Jazz. Rekodi za zama zile nyingi ni za mono, kwa hiyo sauti ileile inatoka kushoto na kulia, lakini nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi, nilisikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilimtazama Baba nikisubiri.

"Imeziba," akasema.

"Imeziba vipi?"

"Wanaimba kama wana ugali mdomoni." Akainuka, akapapasa uso wa kisanduku alichokitengeneza mwenyewe. "Trebo iko wapi?"

"Haina trebo, Baba. Ndiyo uzuri wake."

"Uzuri wa kukosa kitu?"

Nilikasirika. Sikumwonesha, kwa sababu huwezi, lakini nilikwenda kulala mapema. Nilikumbuka redio yake ya zamani, ambayo kitufe chake cha trebo kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho miaka yote, na sisi watoto tukiziba masikio taarifa ya habari ikianza kufoka kama sufuria ya mafuta. Niliamini ni ladha ya wazee. Kuna watu hupenda chai ya moto kupita kiasi, na kuna watu hupenda trebo.

Siku mbili baadaye alinipeleka na pikipiki yake upande wa Kwihara kuchukua asali kwa ndugu yake. Njia hiyo naipenda. Pale Kwihara kuna lile tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, kabla mmoja hajarudi pwani na mwingine kubaki miezi mitano akisubiri wapagazi. Sasa ni makumbusho. Baba hupenda kusimama hapo, si kwa ajili ya Wazungu, kwa ajili ya mlango. Anaukagua kila mara kama mkaguzi wa serikali. Tulipotoka tukakaa chini ya mwembe kunywa maji. Nikamweleza kwamba misafara ikikaribia kituo ilipiga bunduki hewani, baragumu zikalia, ngoma zikapigwa, kirangozi mbele na bendera, ili wenyeji wajue watu wamefika.

"Na sasa sikiliza," Baba akasema. "Kimya. Zamani mwezi kama huu hapa usingenisikia kwa nyenze. Wamekwisha. Miti imekatwa yote kwa kukaushia tumbaku, nyenze watakaa wapi?"

Alikuwa amelisema hilo mara nyingi, nyumbani, kwenye simu. Mimi mwenyewe nimelirudia Dar mbele za watu, nikizungumzia misitu ya miombo na tumbaku, na habari ya miti kukatwa kwa ajili ya mabani ni ya kweli. Sikuwahi kulisikia akilisema tukiwa tumekaa mahali.

Nyenze walikuwa wanapiga kelele kiasi kwamba nilikuwa nimemsogelea ili nimsikie.

Sikusema kitu. Tulirudi na asali.

Usiku ule nilipakua kwenye simu programu ya kutoa mlio mmoja mmoja, nikaiunganisha kwenye amplifaya. Nilimwambia Baba ninapima spika, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Mitetemo 500 kwa sekunde: anaisikia. 1,000, 2,000: anaisikia. 3,000: "Hiyo nyembamba, naisikia." Kwenye 4,000 ilibidi niongeze sauti mpaka glasi kabatini zikaanza kuitikia. Nikaruka hadi 8,000, nikangoja.

"Haya, anza basi," Baba akasema.

"Zimeni hicho kitu!" Mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Kinanitoboa masikio!"

Baba alimtazama Mama aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi. Kisha akaitazama spika. Kisha mimi. Nikazima. Sijawahi kuona uso wake ukifanya hesabu polepole namna ile, na ni mtu anayefanya hesabu za mbao kichwani kila siku.

"Na nyenze?" akauliza.

"Wapo, Baba."

Alitikisa kichwa kidogo, akaenda karakana. Tulimsikia akipiga msasa kitu ambacho hakikuwa na haja ya msasa mpaka saa tano.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo. Kelele za mashine, mwaka baada ya mwaka, huanza kula usikivu karibu na mitetemo 4,000, na umri wenyewe huanzia juu kabisa na kushuka. Sauti nzito hubaki. Irabu hubaki. Kinachoondoka ni ncha za maneno: s, f, t, sh. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo hatakwambia hasikii. Atakwambia unanung'unika. Atakwambia waimbaji wana ugali mdomoni, watangazaji wa siku hizi hawakusoma, na nyenze wamekwisha. Na twita zangu, zile za bumu, zilikuwa zinaanza kazi hasa pale ambapo masikio ya Baba yanaishia. Miaka yote ile zilikuwa zinamlilia mtu ambaye hayupo. Yeye ndiye aliyezichongea matundu yake, kwa patasi, nusu milimita kwa nusu milimita.

Nilimwambia kuhusu shimesikio. Nilimweleza kwa lugha ambayo nilidhani itampata: ni amplifaya tu, Baba, ndogo, inakaa nyuma ya sikio, inaongeza zile sauti zilizopungua na kuziacha nyingine. Akauliza bei. Nikamwambia. Akasema kwa fedha hiyo atapata mbao za miezi mitatu, na tena yeye si mzee. Ana miaka 61. Vifuniko vya masikio nilivyomletea vya kuvaa akiwa mashineni alimpa kijana anayejifunza kazi kwake, akamwamuru asivivue hata mara moja.

Ikabaki amplifaya. Hilo alilikubali, kwa sababu alikuwa ameliomba mwenyewe.

Nilianza upya na swali lilelile, inayoendana, ila safari hii nikiwa na kitu cha tatu cha kuendana nacho. Kwanza niliitoa kapasita ya 4.7 nikaweka ya 6.8. Kwa badiliko hilo twita inaanza kufanya kazi karibu na mitetemo 2,900, ndani ya eneo ambalo Baba bado anaishi. Ni hatari kidogo kwa twita, inabeba mzigo ambao haikuumbiwa. Niliona afadhali iungue ikiwa inasikika. Pili niliagiza kibao kingine kidogo cha kutangulia amplifaya, chenye vitufe vitatu: sauti, besi, trebo. Dini yangu nikaiacha hapo. Tatu ikaja hesabu ambayo mwanzoni niliicheka. Kitufe cha trebo kikizungushwa hadi mwisho kinaongeza kama desibeli 10, na desibeli 10 si maneno, ni nguvu mara kumi. Zile wati 15 za betri, zilizokuwa zinanitosha mimi na kubaki, kwa Baba zilikuwa zinafika mwisho wimbo ukiwa bado kwenye ubeti wa kwanza, na sauti inakwaruza. Nikachukua chaja ya kompyuta ya mkononi iliyokufa, volti 19, na kwa hiyo tukapata wati 35 na ushei kila upande. Bati la kupozea nikaliongeza la alumini, kutoka kwenye mabaki ya dirisha. Siku umeme ukikatika tunarudi kwenye betri, na siku hizo Baba hasikilizi muziki, anasema anapumzika.

Kisanduku kilihitaji matundu mawili zaidi. Baba aliyatoboa bila kupima.

Tuliwasha Jumapili, baada ya chakula. Mimi sikuweza kukaa chumbani. Kwa sikio langu ilikuwa kama kumwagiwa mchanga wa bati, kila s ya mwimbaji ni msumeno, mkwaruzo wa kanda ya zamani uko mbele ya bendi nzima. Mama alivumilia wimbo mmoja, akakumbuka ana kazi kwa jirani. Nikahamia barazani. Jua lilikuwa kali, nyenze wa miembe ya uani walikuwa kazini, na kutoka dirishani Tabora Jazz walikuwa wanashindana nao.

"Mama!" Baba akaita. "Kumbe kuna mtu anatikisa kayamba humu!"

"Yupo, Baba. Tangu mwanzo wa wimbo."

"Tangu mwanzo!" Nilimsikia akicheka peke yake. Kisha akanyamaza, kisha akaita tena. "Hebu ongeza hiyo trebo kidogo."

Niliingia ndani nikaangalia kitufe. "Imefika mwisho."

Akafikiri.

"Basi nisogezee kiti."

Nikamsogezea, karibu mita moja mbele, mpaka magoti yake yakawa yanakaribia kugusa mninga.